Barua za wanasayansi wa karne ya 19: kwanini sentensi moja ya Darwin haitoshi

Kuna sentensi moja ya Charles Darwin inazunguka sana mtandaoni, wanaiweka juu ya ile picha yake ya mandevu meupe, na maneno yenyewe ni kwamba mara nyingi mwili ulimsisimka kwa baridi akajiuliza kama maisha yake yote hakuyatumia kufukuzia ndoto tu. Halafu chini mtu anaongezea, mnaona, hata mwenyewe hakuiamini nadharia yake, ile ya kwamba viumbe hubadilika vizazi hadi vizazi. Wa upande wa pili wanakuja juu kwamba hiyo imetungwa, Darwin hajawahi kusema kitu kama hicho, basi watu wanabishana hadi usiku.

Pande zote mbili zimekosea. Aliandika kweli, tena kwa mkono wake, kwenye barua kwa mwanajiolojia Charles Lyell tarehe 23 Novemba 1859, siku moja kabla ya kitabu chake cha Origin of Species kutoka. Ila sentensi inayofuata palepale inasema kwamba sasa haoni inawezekanaje watafuta ukweli kama Lyell na Hooker, rafiki yao mtaalamu wa mimea, wawe wamekosea kabisa, kwa hiyo anaweza kupumzika kwa amani. Yaani ni mtu anamshukuru rafiki yake kwa kumtoa hofu, watu wameichukua hofu wakaiacha shukrani.

Nimeona niandike hii kwa sababu ukifuatilia vizuri, karibu kila ubishi maarufu kuhusu Darwin na wenzake, kwamba aliiba wazo la mwanasayansi mwenzake Wallace, kwamba Marx alitaka kumtunukia kitabu, yaani kukitoa kwa heshima yake, kwamba alikuwa na makala ya Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi kwenye njegere, akaikalia, kwamba alitubu kitandani kabla ya kufa, yote inaishia kwenye barua. Ni barua iliyokatwa, au iliyopotea, au isiyo na jina la mpokeaji, au ambayo haijawahi kuwepo kabisa. Na wengi tunabishana bila kujua barua zenyewe zilikuwa zinafanya kazi gani enzi hizo.

Tuanze na maana. Kuna barua binafsi, hiyo inaeleweka, watoto hawajambo, tumbo linanisumbua, poleni na msiba. Kuna barua ya kikazi, nitumie mbegu fulani, wewe umeonaje, hesabu yangu ina kosa wapi. Na kuna ya tatu ambayo wengi hawaijui, barua inayoandikwa kwa mtu mmoja au kwa mhariri lakini mwandishi anajua kabisa kwamba itasomwa kwa sauti kwenye kikao cha chama cha wanasayansi au itachapishwa kwenye jarida, na hiyo ilihesabika kama tangazo rasmi. Darwin kwa mfano alikuwa anaandikia mara kwa mara gazeti la wakulima wa bustani, Gardeners' Chronicle, akiuliza maswali na kutoa matokeo ya majaribio yake. Ugumu ni kwamba hizo aina tatu zilikuwa zinachanganyika kwenye karatasi ileile moja, aya ya kwanza mtoto anaumwa, aya ya pili mbegu za maharage, aya ya tatu wazo ambalo litakuja kubadilisha biolojia yote.

Halafu kuna suala la gharama, hili linasaidia sana kuelewa. Uingereza kabla ya 1840 kwa kawaida aliyelipia barua ni mpokeaji, na bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Fikiria simu zote unazopigiwa zinakata salio lako wewe, halafu kwa kilomita. Ukiwa mtu wa kipato cha kawaida usingependa mtu akuandikie kurasa 12 kuhusu mende. Januari 1840 serikali ikaweka bei moja, peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi, kama gramu 14 hivi, kwenda popote ndani ya nchi, na Mei mwaka huohuo ikatoka stempu ya kwanza, ile nyeusi inayoitwa Penny Black. Mwaka 1839 posta ya Uingereza ilibeba barua kama milioni 76, mwaka uliofuata zikafika karibu milioni 169. Zaidi ya mara mbili ndani ya mwaka mmoja tu!

Sasa weka hapo Darwin. Amerudi kwenye safari ya meli ya Beagle mwaka 1836 na tangu hapo hajatoka tena Uingereza hadi anakufa. Mwaka 1842 anahamia kijiji cha Down huko Kent, afya yake mbovu, anatapika, wageni wakikaa sana anaumwa. Mtu wa namna hiyo angewezaje kujua njiwa wa kufuga wanabadilikaje vizazi hadi vizazi, au watu wa upande mwingine wa dunia wanakunja uso vipi wakikasirika? Kwa posta. Mpaka leo zinajulikana barua zaidi ya 15,000, alizoandika na alizoandikiwa, na watu aliowasiliana nao wanafika kama 2,000. Wafuga njiwa, watunza bustani, mabalozi, wamisionari, madaktari wa meli, maprofesa. Wengi wao hawakuwa wanasayansi kwa cheo, ila walikuwa na macho na walikuwa mahali ambapo yeye hakuwepo.

Mwaka 1867 alisambaza orodha ya maswali kuhusu jinsi hisia zinavyoonekana usoni, ikaenda Australia, India, Amerika, Afrika. Mmoja wa waliojibu alikuwa Mwafrika, Christian Gaika, ndugu wa chifu Sandile wa Waxhosa, aliyeandika mwenyewe kwa Kiingereza maoni yake kuhusu nyuso za watu wake, na Darwin akamtaja kwa jina kwenye kitabu chake cha 1872. Mimi hili linanigusa sana, kwa sababu tumezoea kusoma historia ya sayansi kana kwamba Waafrika walikuwa wanaangaliwa tu, na hapa kuna mmoja amekaa na kalamu anaeleza anachokiona. Wanawake vilevile. Linnean Society ya London, chama cha wanasayansi wa mimea na wanyama, haikuwapokea wanawake hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ila posta haikumzuia mtu. Mary Treat wa New Jersey, Marekani, alikuwa anachunguza mimea inayokula wadudu, akawa anamwandikia Darwin matokeo yake, na Darwin akayatumia na kumtaja kwenye kitabu cha 1875.

Huku kwetu pwani pia nyuzi hizi zilifika. Rafiki mkubwa wa Darwin alikuwa Joseph Hooker wa bustani ya mimea ya Kew, wameandikiana barua kama 1,400. Huyohuyo Hooker alikuwa anapokea barua na mimea kutoka kwa John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika Zanzibar mwaka 1866 kufanya kazi ubalozi wa Uingereza. Kirk alieleza kwamba sandarusi, yaani utomvu mgumu wa miti, iliyokuwa inachimbwa ardhini kwenye mrima ilitokana na aina ya mti ambao bado unaota hai kwenye pwani hiyohiyo, na maelezo hayo yakachapishwa na Linnean Society. Na kima punju wa Jozani, yule mwenye mgongo mwekundu, jina lake la kisayansi linaishia na kirkii kwa sababu Kirk ndiye aliyepeleka kielelezo London, mtu wa makumbusho huko akampa jina mwaka 1868. Wavuvi na wakulima wa Unguja walikuwa wanamjua huyo kima tangu zamani, lakini kwenye vitabu vya Ulaya aliingia kwa njia ya kifurushi na barua.

Kuhusu mchanganyiko wa binafsi na kazi niliousema juu, hakuna mfano mzuri kama Darwin na Hooker. Januari 1844 Darwin anamwandikia Hooker, anazungumzia mimea ya visiwa, halafu katikati anachomekea kwamba karibu ameshasadiki, tofauti na alivyoanza, kwamba spishi, yaani aina za viumbe, sio vitu visivyobadilika, na kwenye mabano anaongeza kwamba ni kama kukiri mauaji. Hiyo nayo inasambazwa peke yake kama ushahidi kwamba alijua anatenda dhambi. Soma barua nzima utaona ni mtu mwenye aibu anamwambia rafiki mpya jambo ambalo wakubwa wa taaluma yao wangelicheka. Miezi michache baadaye, Julai 1844, akamwandikia mke wake Emma barua ya kufunguliwa akifa, akimwomba atenge pauni 400 na amtafute mtu wa kuichapisha insha yake kuhusu spishi. Hiyo utaiweka fungu gani? Ni wosia wa mume kwa mke, na papo hapo ni hati ya kisayansi yenye tarehe.

Na tarehe 28 Septemba 1863 Hooker anampelekea Darwin barua, binti yake wa miaka 6 amefariki saa moja iliyopita. Saa moja. Mtu mtoto wake hajazikwa, anachukua kalamu, na anamwambia Darwin kwamba katika huzuni yake anamfikiria yeye kuliko rafiki mwingine yeyote. Darwin naye alishampoteza Annie wake mwaka 1851, kwa hiyo Hooker alijua anamwandikia nani. Hawa ndio watu wawili ambao siku nyingine wanabishana kurasa nzimanzima kuhusu mbegu kuelea baharini.

Haya, tuje kwenye ubishi mkubwa, Darwin alimwibia Wallace au la.

Alfred Russel Wallace hakuwa na mali, alikuwa anakusanya ndege na wadudu visiwani Asia na vinauzwa Uingereza ndo anaishi. Februari 1858 yuko visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, anaumwa homa, wazo la uteuzi wa asili, kwamba viumbe wanaoendana na mazingira ndio wanaobaki na kuzaa, likamjia, akaliandika kuwa makala fupi na kumtumia Darwin, akaomba kama ataona inafaa ampelekee Lyell. Kwanini Darwin na sio jarida? Kwa sababu walikuwa tayari wanaandikiana. Mei 1857 Darwin alishamwambia Wallace kwamba kiangazi hicho kinatimiza mwaka wa 20 tangu afungue daftari lake la kwanza kuhusu swali hilohilo la spishi. Hii watu wanaosema wizi huwa hawaitaji, na ni barua ambayo ipo.

Juni 18, 1858 Darwin anamwandikia Lyell amechanganyikiwa, anasema hajaona mfanano wa ajabu kiasi hicho, hata Wallace angekuwa na muswada wake wa 1842 mkononi asingeweza kuufupisha vizuri zaidi. Siku chache baadaye anasema bora achome kitabu chake chote kuliko Wallace au mtu yeyote afikiri ametenda kwa roho ndogo. Wakati huohuo nyumbani kwake kuna wagonjwa, mwanawe mdogo Charles akafariki tarehe 28 Juni, kwa hiyo mambo yote akawaachia Lyell na Hooker. Wao wakaamua, tarehe 1 Julai 1858 kwenye kikao cha Linnean Society zikasomwa kwa pamoja sehemu za insha ya Darwin ya 1844, kipande cha barua aliyomwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mnamo Septemba 1857, na makala ya Wallace. Umeona hapo, barua ya kikazi kwa Gray imegeuka kuwa ushahidi wa nani alitangulia, kwa sababu ilikuwa na tarehe na ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine nje ya nchi. Insha ya 1844 nayo Hooker alishaisoma miaka mingi nyuma.

Kwa hiyo wazo Darwin alikuwa nalo kabla, hapo hakuna cha kubishania. Ambacho mimi naona ni haki kulalamikia ni kitu kingine, kwamba Wallace hakuulizwa. Makala yake ilisomwa na kuchapishwa yeye yuko visiwani hajui lolote, na ikapangwa baada ya ya Darwin. Aliposikia alifurahi, Oktoba 1858 alimwandikia mama yake akijivunia barua alizopata kutoka kwa Darwin na Hooker, na kitabu chake cha 1889 alikiita Darwinism, na Darwin naye alipigania apewe pensheni ya serikali, pauni 200 kwa mwaka, akaipata 1881. Lakini kufurahi baadaye hakufuti kwamba hakuulizwa kwanza.

Wanaoshikilia wizi wana hoja moja ya maana kidogo, na ni hoja ya posta. Wallace alimwandikia pia Frederick Bates wa Leicester, bahasha ile ipo na ina muhuri unaoonyesha ilifika tarehe 3 Juni 1858. Wanasema kama barua ya Darwin ilipanda meli ileile, basi aliipata wiki mbili kabla na akanyamaza, akaitumia. Mwaka 2012 watafiti wawili, John van Wyhe na Kees Rookmaaker, walipitia ratiba za meli za barua hatua kwa hatua wakaonyesha kwamba makala ya Wallace inaelekea iliondoka na meli ya mwezi uliofuata, Aprili, ambayo barua zake zingefika kwa Darwin hiyohiyo Juni 18. Wapo ambao hawajakubali mpaka leo. Na bahasha ya Darwin haipo, barua yenyewe ya Wallace haipo.

Kupotea kwake ndiko kunakowasha watu, ila hapa inabidi kujua tabia za mzee. Mtoto wake Francis ameeleza kwamba Darwin alikuwa anachomeka barua alizopokea kwenye vyuma vyembamba vyenye ncha, na vyuma vikijaa alikuwa anachoma barua za miaka kadhaa ili apate nafasi, kwa hiyo karibu zote alizopokea kabla ya 1862 hivi zimepotea. Nyingine alikuwa anazikata vipande na kuweka kipande anachokihitaji kwenye faili la mada. Yaani barua ya 1858 kutokuwepo sio ajabu, ajabu ingekuwa kuikuta.

Ya Marx ni fupi. Kwa miaka mingi vitabu vimeandika kwamba Karl Marx alimwomba Darwin ruhusa ya kumtunukia Das Kapital, Darwin akakataa kwa adabu. Ushahidi ni barua ya Darwin ya tarehe 13 Oktoba 1880, ipo kweli, imeanza tu na Bwana Mpendwa bila jina, na ilikutwa kwenye makaratasi ya Marx. Kumbe aliyeomba ni Edward Aveling, kwa ajili ya kitabu chake mwenyewe, ambaye baadaye alikuja kuishi na Eleanor binti wa Marx, na makaratasi ya familia yakachanganyika. Miaka ya 1970 ikaonekana kwenye makaratasi ya Darwin huko Cambridge barua ya Aveling ya tarehe 12 Oktoba 1880 yenye ombi lenyewe, siku moja kabla ya jibu. Marx alichofanya ni kumpelekea Darwin nakala ya kitabu mwaka 1873, Darwin akashukuru, na kurasa nyingi za nakala hiyo hazijakatwa hata leo, vitabu enzi hizo vilikuja na kurasa zimeshikana inabidi uzipasue kwa kisu ndo usome.

Mendel sasa. Hakuna makala ya Mendel iliyokutwa kwenye maktaba ya Darwin, na hakuna barua kati yao inayojulikana. Mendel ndiye aliyemsoma Darwin, kwa Kijerumani, nakala yake yenye alama zake ipo. Barua za Mendel zilizo muhimu alimwandikia Carl Nägeli, profesa wa Munich, kuanzia 1866 hadi 1873, na hapo ndo unaona posta inaweza pia kumpoteza mtu. Nägeli hakuona uzito wa majaribio ya njegere, akamvuta zaidi kwenye mmea wake mwenyewe anaoupenda, Hieracium, ambao mara nyingi unatoa mbegu bila uchavushaji, kwa hiyo uwiano aliouona Mendel kwenye njegere haukuweza kujitokeza. Miaka imepotea. Mendel akafa 1884, dunia ikaja kumsikia 1900. Angekuwa na Hooker wake!

Imebaki ile ya kutubu, ambayo huku kwetu inahubiriwa hadi madhabahuni. Ilitoka 1915 kwenye gazeti la kidini la Boston, miaka 33 baada ya Darwin kufa, ikisimuliwa na mwanamke aliyejulikana kama Lady Hope, na mwaka 1922 binti yake Darwin, Henrietta, aliyekuwepo baba yake alipofariki, akaikanusha kwa maandishi. Hakuna barua hata moja ya wakati ule, ya Darwin wala ya mke wake Emma ambaye alikuwa mcha Mungu na angeifurahia habari hiyo kuliko mtu yeyote, inayoitaja. Kuhusu imani yake alichoandika mwenyewe kipo, kwa mfano barua kwa John Fordyce ya tarehe 7 Mei 1879, anasema mtu anaweza kumwamini Mungu kwa dhati na bado akakubali mageuko ya viumbe, kwamba mawazo yake mwenyewe huwa yanayumba, kwamba hata alipoyumba sana hajawahi kukana kuwepo kwa Mungu, na kwamba jina linalomfaa zaidi ni agnostic, yaani mtu asiyejua kama Mungu yupo au la. Barua nzima iko wazi bure mtandaoni pamoja na maelfu ya nyingine, kila moja na tarehe yake na jina la aliyeandikiwa pale inapojulikana, na ni fupi, unaisoma dakika mbili.